Kelele Niliyoimeza Siku ya Mwewe

Ntalikwa, Jumapili jioni

Nyamizi mwanangu,

Marahaba. Nimeanza kwa kuitikia kwa sababu najua ukiifungua hii barua, hapo utakapokuwa umekaa kwenye treni, mdomo wako utasema shikamoo mama kabla macho hayajasoma chochote. Ndivyo nilivyokulea, na hilo angalau sikulikosea.

Sasa hivi umekwenda Itetemia kumuaga shangazi yako, na hatakuachia mpaka ule ushibe, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya banda la kuku. Nimechana karatasi kwenye daftari lako la jiografia, zile kurasa za mwisho ambazo hukuziandika. Mwandiko wangu unaujua. Mimi niliishia darasa la saba, nivumilie.

Habari za nguo, za dawa, za kuangalia begi lako stesheni, nimeshasema mpaka umeanza kunijibu kwa kuguna. Hizo siziandiki. Naandika lile ambalo sijawahi kukuambia.

Unakumbuka siku ulipokuja na barua ya Dodoma? Ulikimbia toka barabarani, kiatu kimoja kikabaki njiani. Ukanisomea kwa sauti kwamba wamekupokea mwaka mzima ujifunze kupiga picha za ndege na wanyama, na kwamba utakuwa chini ya mpiga picha mkuu, Bwana Madeha. Maharage yakaungua. Ukaniuliza, mama unalia? Nikasema ni moshi. Haukuwa moshi. Jina la huyo bwana nalijua toka wewe unatambaa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, wewe una miezi kumi. Baba yako alikuwa Urambo kwenye tumbaku, mimi na wewe tumekaa hapa kwa bibi yako. Kazi yangu ilikuwa vifaranga. Bibi alikuwa na kuku wengi siku hizo, na mwewe walikuwa wanaijua hesabu yao kuliko sisi. Toka nina miaka mitano nimewekwa uani kuangalia juu. Mwewe akitokea unapiga kelele, "Mwewe huyooo!", jirani anaipokea, "Huyooo!", na jirani wa jirani naye, mpaka yule ndege anaona dunia nzima imemjua, anakwenda zake. Hata wewe umeipiga hiyo kelele. Mtoto wa hapa haipigi kwa kufikiri. Inatoka yenyewe, kama chafya.

Madeha alikuwa kijana wa Kigogo, wa miaka thelathini hivi, amepanga chumba Itetemia, anapiga picha za pasipoti karibu na soko. Lakini moyo wake haukuwa kwenye pasipoti. Alitaka picha ya ndege mla nyama akiwa anakamata, hewani, siyo amekaa juu ya nguzo. Akasikia Ntalikwa kwa mama fulani mwewe hawakauki. Akaja na baiskeli, kamera ameivingirisha ndani ya mfuko wa unga.

Bibi yako alipojua kabila lake tu, akaanza. Akamuuliza, "Mgogo, leo umekuja kuomba nini?" Madeha akasema amekuja kutafuta wapagazi, amesikia kwenye nyumba hii watu wanazaliwa na mzigo kichwani. Wakacheka mpaka kikao kikawa kizuri. Ndiyo utani wenyewe, si unaujua. Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wanapita Ugogo na mizigo ya pembe kwenda pwani, na watemi wa kule walikuwa hawawaachii kunywa maji ya kisima mpaka watoe hongo, kitambaa au shanga. Siku hizi hongo ni jambo jingine, la kwenda nalo mahakamani. Lakini kati yetu na wao limebaki neno la kuchekeana. Mtani anaweza kukutukana msibani, akabeba kuku wako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Basi akanichukua kibarua. Nambebea begi, namwonyesha mwewe wanatokea wapi. Nilimwangalia siku kumi. Alikuwa anamfuata ndege na lenzi, ndege anazunguka na yeye anazunguka, shingo imekakamaa, na ndege akishuka yeye bado anatafuta. Akiangalia alichopata, ni mikia. Mikia mitupu, na mbingu.

Siku ya kumi na moja nikamwambia, mtani, usimwangalie mwewe. Mwangalie mama kuku. Kuku hainui kichwa kama sisi. Anakilaza, jicho moja linaelekea juu, shingo inakuwa ngumu. Hapo amemwona. Akishusha tumbo karibu na ardhi, ujue mwewe ameshakunja mabawa, hawezi tena kubadili nia. Wewe elekeza lenzi kwa vifaranga, hesabu moja, bonyeza usiachie. Ndege atakuja mwenyewe ndani ya picha. Alinicheka, lakini alijaribu, na siku hiyo alipata bawa zima.

Hicho ndicho nilichokufundisha na wewe ulipokuwa unahangaika na simu ya mjomba wako Shija. Ukaniuliza nimejuaje, nikasema najua tu.

Alipoona nina jicho, akaanza kuniachia kamera akiwa anakula. Akanionyesha kitufe, akanionyesha pa kuongeza spidi ili bawa lisiwe ukungu. Shida yangu ikawa moja. Mwewe akija, mdomo unafunguka. "Huyooo!" Na ndege anakata kona. Mara nne nimeharibu hivyo. Madeha akasema mdomo wangu ungefaa upelekwe stesheni, treni ikija watu wasihitaji honi.

Mara ya tano ilikuwa asubuhi, jua liko mgongoni kwangu, na wewe uko mgongoni. Kivuli chetu kimelala mbele yangu, kirefu, mpaka karibu na vifaranga. Madeha amekaa kwenye ukuta wa jiko anakula matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, na chai. Mama kuku akalaza kichwa. Nikaona shingo inakuwa ngumu. Kelele ikapanda mpaka hapa kooni, na mimi nikaimeza. Iliteremka kama tonge ambalo halijatafunwa. Nikabonyeza.

Mwewe alimchukua kifaranga mmoja, yule mwenye madoa. Na mama kuku akaruka. Kuku, Nyamizi, kiumbe ambacho kuvuka ua ni kazi. Alipanda juu mpaka usawa wa kifua changu, kucha mbele, mdomo wazi, na kwa muda wa kupepesa jicho wote wawili walikuwa hewani wanatazamana, mwewe na mtoto kwenye makucha, na yule mama anamdai. Halafu mwewe akaenda na kuku akaanguka ubavu.

Bibi yako akatoka. Akaniuliza mbona kimya, ulikuwa umelala? Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mwewe kuja sijapiga kelele, na nilikuwa nimesimama hapo hapo, macho wazi.

Madeha aliangalia kioo cha kamera. Akaacha kutafuna. Halafu akaniuliza polepole, "Umeipiga wewe hii?" Nikasema mimi. Akajifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, akaichukua kamera kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Siku mbili baadaye akaja kuaga, anahamia kwao Dodoma. Uani wamejaa watu, bibi, majirani, wewe unakula mchanga. Nikamuuliza mbele yao, "Na picha yangu, mtani?"

Akasema, "Mnyamwezi hapiti Ugogo bila kutoa hongo."

Bibi yako alicheka mpaka akashika mlango. Majirani wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Siyo kumpa kamera, siyo kumfundisha. Kucheka. Utani ukiuchekea umeukubali, umeweka sahihi. Nilikuwa nimejifunza kumeza kelele kwa ajili ya picha, siku mbili baadaye nikaimeza mahali ambapo ilitakiwa itoke.

Miaka miwili ikapita. Nilikwenda Isikizya kufuatilia karatasi yako ya kuzaliwa, wewe nimekushika mkono. Kwenye ofisi moja ukutani kulikuwa na kalenda. Mwewe, kifaranga, mama kuku hewani. Chini yake, kwa herufi nzuri, picha na Madeha. Nikamwambia kijana wa mezani, hiyo picha nimepiga mimi. Aliniangalia miguuni kwanza, kwenye kandambili zangu, halafu akasema, "Mama, rudi kwenye foleni."

Nikaitafuta namba, nikampigia kwa simu ya jirani. Alifurahi kunisikia, hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia nimeiona. Akasema, "Kamera yangu, betri yangu. Wewe ulibonyeza tu, mtani, na kidole chenyewe kilikuwa kibaruani kwangu." Akacheka. Akanyamaza anisubiri nicheke. Safari hiyo sikucheka, lakini sikusema kitu pia. Nilisimama na simu ya watu sikioni mpaka ikakatika.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kisasi. Watu wananiona mpole, naimba kwaya, natoa kuku kwa wagonjwa. Ndani nilikuwa napika mambo yangu. Nataka uyajue, kwa sababu usipoyajua kwangu utayarudia.

Unamkumbuka Mama Chalo, yule wa nyumba ya mabati mekundu? Alikuwa Mgogo. Nilikukataza kula kwake. Una miaka sita, amekuita ule mlenda, mimi nikakuvuta mkono mbele yake. Ulilia mpaka ukalala. Yeye hakuniuliza kosa lake. Walipohama alikuletea bakuli lile la bluu lenye maua, akasema la mtoto. Ndilo nimekufungia sukari ndani yake kwenye begi. Ukimkuta mtu Dodoma anayemjua, mwambie mama Nyamizi anaomba radhi, na uiseme kwa sauti, usinong'one.

La pili ni baya zaidi. Wewe ulikuwa kwa shangazi. Nilichukua kifaranga kilichokufa, nikakipaka dawa ya wadudu ya shambani, nikakiweka uani. Sijui nilikuwa namuua nani kichwani mwangu. Mwewe alikuja, akachukua, akaangukia kwenye mihogo. Ilimchukua toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nilikaa karibu naye. Jicho lake liliniangalia, halina hasira, linaniangalia tu kama lilivyokuwa linaangalia kila kitu. Alikuwa mwepesi, Nyamizi, nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kitambaa. Na kwenye ule mti wa makaburini watoto wake walilia siku mbili. Siku ya tatu kukawa kimya.

Yule ndege ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Hakuninyima kitu. Alikuja kula, basi.

Sikuambii kwamba kisasi ni kibaya. Nisikudanganye siku ya mwisho, bado nakitaka, nakitaka leo kuliko jana. Ninachokuambia ni kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nafanya kama Madeha na lenzi yake. Hasira inazunguka na mimi nazunguka nayo, natupa huku, natupa kule. Nilikuwa napata mikia.

Na kuna jingine. Ile siku barua yako ilipotea ukapekua nyumba nzima, ukalia, halafu mimi nikaikuta kwenye pipa la mpunga? Niliiweka mimi. Nilitaka ukose. Niliona bora ubaki hapa unafuga kuku na mimi kuliko kumwamkia yule mtu kila asubuhi. Halafu nikakuona umekaa chini katikati ya mafaili yako, umelaza kichwa, jicho moja juu, kama unasikiliza kitu kinachoshuka. Nikajiona mimi ndiye ninayeshuka. Nikaenda kwenye pipa. Nisamehe.

Kwa hiyo nenda. Nimeshaamua na moyo wangu umetulia. Nenda, na sasa nisikilize vizuri.

Ukifika, mwamkie. Ni mkubwa wako, na shikamoo haimpi kitu ambacho si chake. Mbebee begi. Usivunje chake, usifute picha yake hata moja, usichukue hata betri. Jifunze yote. Kila anachokijua kuhusu lenzi na mwanga na kompyuta, kikamue mpaka akauke. Wewe ndiye unayepita Ugogo sasa, na safari hii mzigo unaongezeka.

Mjomba wako Shija alipeleka mchele Dodoma mwaka jana, akaingia pale kwake. Anasema picha yetu imetundikwa ukumbini, kubwa kama mlango. Wageni wakija, Madeha anasimama mbele yake na kuwasimulia jinsi alivyolala kwenye nyasi siku tatu akimsubiri mwewe. Siku tatu. Na matobolwa ya bibi yako tumboni.

Usiseme kitu siku ya kwanza. Usiseme mwezi wa kwanza. Subiri siku yenye wageni wengi, watu wa kamera, watu ambao yeye anataka wamheshimu. Simama nyuma na begi lake begani. Na usimwangalie yeye. Waangalie wageni. Vichwa vyao vitakapolala upande kuiangalia picha, na yeye amefika kwenye nyasi na siku tatu, ujue ameshakunja mabawa, hawezi kurudi.

Hapo piga. Kwa mapafu yote, kama uko uani kwetu. "Mwewe huyooo!"

Halafu cheka, Nyamizi. Hilo usilisahau, ndilo lenye makali. Sema wewe ni Mnyamwezi wa Ntalikwa, mtani wake. Atafanya nini? Mtani hakasirikiwi. Akikasirika mbele ya wageni, kila Mgogo aliyemo humo atauliza kuna nini. Itabidi acheke. Nataka acheke kama mimi nilivyocheka, meno nje na tumbo linawaka, asijue mikono aiweke wapi.

Wakati anacheka, tembea mpaka kwenye picha. Chini, upande wa kushoto, kuna kivuli. Watu wanadhani ni kichuguu, hata yeye nafikiri anadhani ni kichuguu, ndiyo maana hakukikata. Waonyeshe. Hicho kirefu ni mwili wangu. Hivyo vilivyotokeza huku na huku ni viwiko, mtu ameshika kamera usoni. Na hicho kinundu cha nyuma ni kichwa chako. Ukiangalia vizuri utaona na mguu, wa kushoto, ule uliokuwa hautaki kukaa ndani ya mbeleko hata nikufunge vipi. Mwanamume aliyelala kwenye nyasi hana kivuli kama hicho.

Mwambie, "Mtani, mama anasema hongo imetosha. Sasa tunapita."

Basi. Usiongeze neno. Usimtukane, usidai jina libadilishwe. Akilibadilisha ni kwa hiari yake. Nakumbuka sura yake siku ile alipoacha kutafuna. Mtu yule anajua, amejua miaka yote, na mimi nina tumaini na mtu anayejua kuliko unavyofikiri. Huenda atakushika mkono. Huenda atakufukuza. Akikufukuza, panda treni urudi, nitakuwa stesheni nimesimama kabla haijafika, na tutaanza na hiyo kamera yako kuukuu hapa hapa, kuku tunao na mwewe wapo.

Na ukifika pale ukaona moyo wako hautaki, ukaona mzee amekufundisha vizuri na kelele haitoki, usiilazimishe. Nitakuambia haidhuru. Nitakuwa nadanganya kidogo, lakini nitakuambia.

Nasikia pikipiki barabarani, nadhani ni wewe. Nitaikunja hii niitie ndani ya bakuli la Mama Chalo, juu ya sukari, utaikuta ukitaka kunywa chai njiani.

Siku ile niliimeza kelele ukiwa umelalia mgongo wangu, sikio lako liko hapa katikati ya mabega. Ulishtuka. Nafikiri uliisikia ikishuka. Ipo kwako, mwanangu, nenda nayo Dodoma ukaitoe.

Mimi niliyekubeba siku ya picha,
mama yako, Kabula